Mahali Patakatifu Hulindwa na Jirani

Msikilizaji mpenzi, juma lililopita nilipokea barua ya kurasa mbili kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja aishiye Mombasa. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mwenyewe ameniomba hivyo. Aliniandikia baada ya kusikia kipindi ambamo niliwasifu wazee wa kaya kwa kuitunza misitu yao. Barua yenyewe haina matusi wala kejeli, lakini ina uchungu. "Mnatuambia tuheshimu kaya," anasema. "Kaya ninayoijua mimi ni ile walikotoka watu walioichoma nyumba ya baba yangu Likoni mwaka 1997. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Kwa nini kodi yangu itumike kuulinda msitu ule?"

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi. Ningeweza kumjibu kwa maneno mawili matatu ya kumpoza moyo, kisha nikaendelea na mambo mengine. Lakini swali lake si lake peke yake. Katika nchi yenye imani nyingi kama Kenya, kila mmoja wetu ana mahali patakatifu pa mwenzake ambapo hapapendi, au hapaelewi, au panamtia hofu. Basi leo nitamjibu ndugu huyu kwa njia ndefu kidogo. Ninamwomba tupande gari pamoja tuifuate barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, tusimame mahali patatu ambapo watu wa imani tatu huenda kuzuru na kuomba. Tukimaliza tutarudi Likoni, wala sitalikwepa swali lake.

Tuanze Rabai, kilomita ishirini na kitu kutoka kisiwani Mombasa. Juu ya vilima vya Rabai kuna misitu ya kaya, na si mbali nayo lipo kanisa. Wamijikenda, ambao ni makabila tisa, husimulia kwamba wazee wao walihama kutoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakaja kujenga vijiji vyao ndani ya misitu minene juu ya vilima ili wajikinge na maadui. Kijiji kilizungushiwa boma na kiliingiwa kwa njia nyembamba zenye malango. Ndani yake kulizikwa fingo, yaani kago la kuwalinda wenyeji. Hiyo ndiyo kaya. Baadaye, hasa katika karne ya 19, watu walianza kushuka kwenda kulima na kufanya biashara kwenye nchi tambarare. Kaya zikabaki kuwa mahali pa makaburi ya wazee, pa kuombea mvua, pa kula viapo na pa kusuluhisha magomvi makubwa. Sheria zake ni chache na ni kali: usikate mti, usiokote kuni, usilishe mifugo. Ndiyo sababu leo ukitazama kutoka mbali unaona mashamba yaliyokwisha miti, na katikati yake kilima kimoja kimefunikwa na msitu.

Sasa, katika mwaka 1844 alitua Mombasa Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, mhubiri aliyetumwa na chama cha misheni cha Waingereza. Mkononi alikuwa na barua ya Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwaka huo huo mkewe, Rosina, alifariki pamoja na mtoto wao mchanga, wakazikwa Mombasa. Krapf hakurudi kwao. Alianza kuitafsiri sehemu ya Biblia kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakahamia Rabai. Wazee wa huko waliwapokea na kuwaruhusu kujenga.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Sultani Mwislamu anampa mhubiri Mkristo barua ya njia. Kadhi anamsaidia lugha. Wazee wa kaya, ambao hawakuwa Waislamu wala Wakristo, wanampa mahali pa kukaa. Krapf mwenyewe hakuja kuisifu kaya. Alikuja kuwageuza watu wa kaya wawe Wakristo, na hakulificha jambo hilo. Hata hivyo hawakumfukuza. Hivi leo Rabai utamkuta mtu aendaye kanisani Jumapili, na mjomba wake ni mzee wa kaya. Kusini mwa Mombasa, kwa Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, utamkuta mzee wa kaya akiwa na kofia ya kiua kichwani na tasbihi mkononi.

Mzee wa namna hiyo aliwahi kunifunza adabu. Nilikuwa mwandishi kijana, sina hata mwaka mmoja tangu nitoke chuoni na diploma yangu, nikatumwa kwenda kurekodi habari za kaya moja huko kusini. Mzee alitoka msikitini, tukaamkiana, akanipa kaniki nijifunge kiunoni, tukaingia. Nilikuwa na kinasa sauti begani na haraka nyingi kichwani. Tulipokuwa tukitembea nilichuma jani, bila kufikiri, nikawa nalisokota vidoleni. Mzee alisimama. Akaniambia nilirudishe pale pale nilipolichuma. Nikacheka kidogo, nikasema, "Mzee wangu, si jani moja tu?" Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, kila aliyeufyeka msitu alianza na jani." Nililirudisha chini. Nilipotazama nje ya msitu niliona mahali ambapo miti ilikuwa imekwisha kung'olewa na vigingi vya wapimaji ardhi vimesimama. Nikaelewa kwamba mzee yule hakuwa akinisema mimi peke yangu.

Tuendelee na safari. Tukivuka Mariakani na kuingia nyika ya Taru, nchi ya vumbi na miiba, tunafika Mackinnon Road. Mji wenyewe umepewa jina la William Mackinnon, mkuu wa kampuni ya Waingereza iliyotangulia serikali ya kikoloni katika nchi hii. Lakini abiria wengi hawamjui Mackinnon wala hawana haja naye. Wanaujua msikiti ulio kando ya reli, na kaburi lililo ndani yake, kaburi la Seyyid Baghali.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Ziwa Victoria mwisho wa mwaka 1901. Wajenzi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao wakiwa watu wa Punjab: Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na simba. Seyyid Baghali alikuwa mmoja wa Waislamu hao wa Punjab. Kwa jinsi inavyosimuliwa, alikuwa mtu mcha Mungu, na wenzake walipomtazama akibeba karai la udongo waliona karai linaelea juu, haligusi kichwa chake. Nani aliliona karai hilo kwa macho yake? Mimi sikuwepo, nawe hukuwepo. Lakini kaburi lipo, na wanaosimama hapo kuomba salama ya njia wapo mpaka leo.

Nikiwa mtoto nilisafiri na mama kwa basi katika barabara hii, kwenda na kurudi wakati wa likizo za shule. Mama alikuwa Mkristo wa kanisa lenye msimamo mkali. Kwake pombe, ngoma na hirizi zote zilikuwa kitu kimoja. Lakini basi lilipokaribia Mackinnon Road alifungua pindo la leso yake, akatoa sarafu, akampa utingo apeleke sadaka. Dereva alisimamisha gari, utingo akashuka mbio, akarudi, tukaenda zetu. Siku moja nilimwuliza, "Mama, si wewe husema tusiombe kwa wafu?" Akaniambia, "Mimi sikumwomba yeye. Nimemsalimia. Tunapita mlangoni pake." Mpaka leo sijasikia maelezo yaliyo mafupi na mazuri kuliko hayo juu ya namna ya kuishi na imani ya mwenzako.

Kutoka hapo tunapita Voi na Tsavo, tunavuka Mtito Andei, tunafika Makindu katika nchi ya Wakamba, yapata kilomita 170 kabla ya Nairobi. Hapa reli ilikuwa na karakana na nyumba za wafanyakazi, na wengi wa mafundi walikuwa Masingasinga. Husimuliwa kwamba mwanzoni walikusanyika jioni chini ya mti kuomba na kuimba, na kwamba wenzao wa dini nyingine walikaa nao. Mwaka 1926 walijenga hekalu ambalo mpaka leo Masingasinga kutoka pembe zote za Afrika Mashariki, na hata kutoka Uingereza na Kanada, hulizuru.

Dini ya Masingasinga ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 huko Punjab. Moja ya nguzo zake ni chakula cha pamoja, ambacho wao hukiita langar. Katika kila hekalu lao mna jiko, na yeyote ajaye hulishwa bure: tajiri na maskini, mwenye dini hii na mwenye dini ile, wote katika safu moja. Makindu desturi hiyo imepata kazi maalumu kwa sababu ya barabara. Msafiri akiingia anavua viatu, anafunika kichwa, anapewa chai, chapati na dengu, na akichelewa njiani anaweza kupata pa kulala. Haulizwi kabila wala dini yake. Anayeweza hutoa sadaka, na asiyeweza hushukuru na kwenda zake.

Miaka kadhaa iliyopita gari letu la kazi liliharibika karibu na Makindu, giza likiingia. Tulikuwa watatu: dereva wetu Mwislamu wa Malindi, fundi wa mitambo kijana wa Kikamba ambaye mji huo ni karibu na kwao, na mimi. Yule kijana ndiye aliyetuongoza hekaluni. Alituambia kwamba tangu utotoni mwake, mtoto aliyetoka shule na njaa alijua mlango ulipo. Tulikula tukiwa tumejifunga vitambaa kichwani, na dereva wetu akaomba mahali pa kusali Isha. Akaonyeshwa kona safi. Hakuna aliyeona ajabu.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hekalu la Makindu lipo katika mji ambao wenyeji wake karibu wote si Masingasinga. Reli iliyowaleta Masingasinga hao nayo imekwisha kubadilika. Tangu mwaka 2017 abiria wa Mombasa na Nairobi hupanda treni ya reli mpya, na treni hiyo haina kituo Makindu wala Mackinnon Road. Hekalu halikufa, na kaburi halikusahauliwa. Sababu ni kwamba wasio wa imani hizo wameyafanya mahali hapo kuwa pao kwa namna fulani. Dereva wa lori hukumbuka alipokunywa chai, na mama mwenye leso hukumbuka sarafu yake. Watu hao ndio ukuta wa hekalu, na ndio walinzi wa kaburi.

Wala si barabara hii pekee. Kule Lamu, katika mwezi wa Mfungo Sita, watu hutoka Kenya nzima, Tanzania, Uganda na visiwa vya Ngazija kwenda kwenye Maulidi ya msikiti wa Riyadha. Msikiti huo ulianzishwa na Habib Swaleh, aliyekuja kutoka Ngazija katika karne ya 19, akawafundisha dini hata watumwa na watu wa tabaka la chini, jambo ambalo baadhi ya wakubwa wa mji hawakulifurahia. Kule Subukia, karibu na Nakuru, Wakatoliki kwa maelfu hupanda mlima kila mwaka kuomba kwa ajili ya taifa, na huteka maji katika chemchemi yake. Wagikuyu wa zamani waliomba wakiuelekea Mlima Kenya, wanaouita Kirinyaga, na walichinja kondoo chini ya mugumo. Nchi moja, na kila pembe yake ina mtu aliyevua viatu.

Lakini ndugu yangu wa Likoni hakuniuliza juu ya chai ya Makindu. Aliniuliza juu ya kaya, na juu ya moto. Basi tugeuze gari, turudi pwani.

Historia ya mahali patakatifu si historia ya amani tupu. Mwaka 1913 serikali ya Waingereza ilitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi za vibarua, na ilitaka kodi. Mwanamke mmoja, Mekatilili wa Menza, aliwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, na katika Kaya Fungo walikula viapo vya kutoshirikiana na serikali hiyo. Yeye na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa wakapelekwa Kisii, mbali kabisa na kwao. Walitoroka wakarudi. Agosti 1914 serikali iliilipua kaya hiyo kwa baruti. Vita vikafuata, Wagiriama wakauawa, wakachomewa nyumba, kisha wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mkoloni alidhani kwamba akiivunja kaya atakuwa amekivunja kiapo. Kaya ipo mpaka leo, na Mekatilili anatajwa katika vitabu vya shule.

Baada ya mkoloni wakaja wezi. Wagiriama huwakumbuka wazee wao maarufu kwa kusimamisha vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa nakshi. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 nguzo hizo ziling'olewa usiku zikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, zikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 vigango viwili vilirudishwa kutoka huko hadi kwa familia yenyewe, na vingine vimerudi baadaye. Walioviiba, nasikitika kusema, hawakuwa wageni wote. Mara nyingi waliovichukua kwanza ni vijana wa hapo hapo, waliofundishwa kwamba vigango ni miti tu, au kwamba ni mashetani. Mtu akishaambiwa kwamba kitu hakina maana, kukiuza ni rahisi.

Kisha yakaja makaratasi ya ardhi. Misitu ya kaya ilianza kutangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 1992, na zaidi ya 30 ikalindwa kwa njia hiyo. Lakini pwani ya kusini kiwanja kando ya bahari kina bei, na mti wa mizimu hauna bei. Sehemu za misitu zilimegwa. Kisiwa cha Chale, ambacho Wadigo hukihesabu kuwa kaya, leo kina hoteli ya watalii. Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia, na mwaka uliofuata shirika hilo hilo likaziorodhesha mila za kaya kuwa jambo linalohitaji kuokolewa kwa haraka. Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo, katika Ibara ya 63, inahesabu mahali pa ibada pa jumuiya kuwa ardhi ya jumuiya. Hayo yote ni mema. Lakini karatasi hailali msituni kumngoja mwizi.

Na kisha ikaja 1997. Mwezi wa Agosti, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua, likaiba silaha, kisha likawageukia watu wa bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika ghasia hizo, na watu wapatao 100,000 walihama makwao. Vijana wale walikuwa wamekusanywa, wamefunzwa na kulishwa viapo, na jina walilobaki nalo ni jina la msitu: Kaya Bombo. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza ghasia za kikabila nchini, ilisikia ushahidi juu ya mambo hayo, na kivuli cha siasa za uchaguzi kilionekana waziwazi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sitakuambia kwamba umekosea. Yaliyokupata yalikupata. Mtoto wa miaka tisa anayekimbia usiku akiiacha nyumba ya baba yake inaungua hadaiwi somo la mimea adimu wala la turathi za dunia. Ukiniambia kwamba neno kaya hukutia baridi mgongoni, mimi sina haki ya kukuambia lisikutie.

Nina mambo mawili tu ya kukuambia. La kwanza, msitu haukushika panga. Waliouingia kwa nia ya kuua waliuvunjia heshima kuliko mimi niliyechuma jani. Kiapo cha kaya, kwa jinsi wazee wanavyokieleza, ni cha kuilinda jumuiya na kuwapatanisha wanaogombana. Mtu akikichukua akakitumia kumwaga damu ya jirani kwa faida ya mwanasiasa, ameiba, sawasawa na yule aliyeiba kigango. Kaya ilipoteza kitu mwaka ule. Ilipoteza jirani. Ilikupoteza wewe.

La pili ni zito zaidi, na hili nawaelekezea wazee wa kaya ambao najua kwamba hutusikiliza. Wazee wangu, mnalalamika kwamba vijana hawaji, kwamba matajiri wanamega ardhi, kwamba serikali huja na kamera na kuondoka. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini tumeona Mackinnon Road na tumeona Makindu. Kaburi lile halina walinzi wenye bunduki, na hekalu lile limezungukwa na watu wa dini nyingine pande zote. Yamesimama kwa sababu mpita njia alipokewa. Huko Rabai babu zenu walijua siri hiyo kabla ya sisi sote kuzaliwa, walipomruhusu Krapf ajenge ingawa walijua anataka nini. Mlango wenu siku zote ulikuwa na adabu zake, lakini ulikuwa mlango.

Sasa wapo watu, pengine maelfu, ambao kaya kwao si mlango bali ni moto. Wengi wanaishi bado Likoni, Ukunda na Kwale, wamejenga upya, na watoto wao wamezaliwa hapo. Je, haijafika siku ya wazee kuwaita watu hao? Si ndani ya msitu, kwa kuwa huenda wasitake kuingia, na ni haki yao. Hata chini ya mwembe ulio kando, au katika uwanja wa shule. Wazee wakasema kwa vinywa vyao kwamba yaliyofanywa kwa jina la kaya mwaka 1997 hayakuwa ya kaya, na kwamba wanasikitika kuwa jina hilo lilitumiwa. Padre awepo, imamu awepo, na mchungaji awepo. Najua kwamba baadhi ya wazee watasema, "Sisi hatukuua mtu, tuombe radhi kwa nini?" Nami nawajibu kwa heshima: mwenye nyumba huomba radhi mgeni akiumia uani kwake, hata kama aliyemwumiza alirukia ukuta.

Na wewe, ndugu, wakikuita, sitakulazimisha uende. Uamuzi ni wako. Nasema tu kwamba siku kiwanja cha mwisho kitakapopimwa na mti wa mwisho kung'olewa, aliyekuchomea nyumba hatakuwa ameadhibiwa. Atakayefaidi ni mwenye fedha, ambaye hakuwa Likoni usiku ule, na ambaye kaya, kanisa, msikiti na hekalu kwake ni eka tu. Uliniuliza kwa nini kodi yako iulinde msitu ule. Jibu langu ni kwamba wewe, jirani uliyeumizwa, ukikubali usimame, utakuwa na mlinzi ambaye hakuna anayeweza kumhonga. Ukiukataa, sitakulaumu, lakini sioni nani mwingine atakayeulinda.

Mama yangu ametangulia mbele ya haki. Kila nipitapo Mackinnon Road nasimama, natoa sarafu, sijui kwa hakika ni kwa ajili ya Seyyid Baghali au ni kwa ajili ya mama. Sidhani kama mmoja wao angeuliza. Barua zenu zinakaribishwa, hasa za wanaonipinga. Mpaka juma lijalo, kwaherini.